Hiyo Maski ya Mdosi ni Mfuko wa Sokoni

Jumapili nilikaa mezani kwa mathe na makasi nikakata maski tatu. Moja niliitoa kwa mfuko wa jaketi ya brathe yangu, zile mdosi wake huwagawia vijana asubuhi kama peremende, kila mtu moja. Ya pili nilinunua duka la dawa. Ya tatu ni N95 ambayo ilibidi niende kuitafuta tao, na bei yake nitawaambia baadaye kwa sababu bei ndio shida yote ya hii story.

Maski ya brathe ilikuwa na tabaka mbili tu. Ya bluu nje, nyeupe ndani, katikati hakuna kitu. Nikaenda nyuma ya mlango wa jikoni nikachukua mfuko wa sokoni, ile mifuko ya kitambaa-plastiki iliyojaa kila mahali baada ya karatasi za plastiki kupigwa marufuku Agosti 2017, nikakata kona. Nikaweka vipande viwili kando kwa kando chini ya taa. Vidoti vilevile vya kubanwa kwa moto. Mng'ao uleule. Ukivuta vinararuka vilevile. Mathe, ambaye ameshonea watu nguo tangu nikiwa mtoto, alivipapasa macho yakiwa yamefungwa akashindwa kutofautisha.

"Hii ni kitu moja," akasema. "Sasa huyu mtoto amekuwa akijifunga mfuko kwa mdomo?"

Ndio, mathe. Mwaka mmoja na nusu.

Brathe hukata mawe ya jikoni. Ile granaiti nyeusi inayong'aa, ile mnapiga nayo picha mkihamia apatimenti mpya, kuna kijana mahali alishika graenda akaikata kona, akatoboa shimo la sinki, akaipiga polishi. Jioni akifika nyumbani kope ni nyeupe, nywele nyeupe, hata masikio. Tulikuwa tunamcheka tukimwita guka. Siku hizi anakohoa kabla hajaoga, na mimi nimeacha kumwita guka.

Wacha niseme wazi kabla hamjaanza kunijia kwa komenti: mimi sio daktari na sijasema brathe ni mgonjwa. Ninachosema ni kwamba amekuwa akipewa kitu kinachofanana na kinga na si kinga, na mtu anayekigawa hajawahi kujiuliza ndani kuna nini. Na kwa hilo nina hasira.

Vumbi la granaiti lina silika. Unalolihofia sana, lile linaloganda kwa kope na kukufanya upige chafya, ndilo lenye afadhali, kwa sababu pua inalishika na unalitoa. Hatari ni lile hulioni. Chembe za mikroni nne, tatu, mbili. Unywele wako una upana wa karibu mikroni 70, sasa wewe fikiria. Hizo zinapita pua, zinapita koo, zinashuka mpaka mwisho kabisa wa mapafu na hazitoki. Pafu linajaribu kuzizungushia kovu, na kovu halipumui. Ugonjwa unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Juu yake, mtu mwenye silika kwa mapafu anashikwa na TB kwa urahisi zaidi, na sisi hapa Kenya TB tunaijua kwa majina ya watu wetu, si kwa vitabu.

Na granaiti ni nusu ya hadithi. Kuna lile jiwe la kutengenezwa kiwandani, lile linauzwa kama kwatsi, safi, halina doa. Hilo linaweza kuwa na silika zaidi ya asilimia 90. Australia walihesabu wagonjwa wao, vijana wakataji kama brathe, wakaamua hapana: kuanzia tarehe 1 Julai 2024 wamelipiga marufuku, kulitengeneza, kuliuza, kulikata na kuliweka. Nchi nzima imeogopa jiwe. Sisi tunalikata kwa graenda kavu kando ya barabara na mfuko wa sokoni umefungwa mdomoni.

Sasa nikiri langu. Mwaka wa 2020 nilikuwa shule ya upili, tumefungiwa nyumbani, nina simu ya mathe na bando ya kuomba. Kisa cha kwanza cha korona hapa kilitangazwa tarehe 13 Machi, Aprili maski ikawa lazima na faini ilikuwa elfu ishirini. Kila mtu alikuwa anatafuta maski, na mimi nilikuwa natafuta wafuasi. Nikafanya ile video. Mnaijua. Unakunja maski kama kikombe, unamwaga maji ndani, maji hayapiti, unaangalia kamera unasema "hii ni orijino, wasee". Ilipata watu wengi kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kuweka.

Ilikuwa ujinga mtupu. Mfuko wa sokoni pia unashika maji! Nimejaribu Jumapili, umeshika. Ile plastiki yenyewe, polipropilini, kwa asili yake inakataa maji, kwa hivyo kitambaa chochote kilichotengenezwa nayo kitashika hayo maji yako vizuri sana na vumbi likipita kama halikuona mlango. Nilikuwa napima koti la mvua nikidhani napima chujio. Na mpaka leo watu bado wanaisambaza hiyo video.

Kwa hivyo nina deni, na nitalipa kwa kueleza kitu ambacho ningepaswa kukijua kabla sijafungua mdomo.

Maski ya kweli inatengenezwa na plastiki ileile moja lakini kwa njia mbili tofauti, na tofauti ya hizo njia ndio tofauti ya kufa na kupona. Polipropilini huja ikiwa punje ndogo kama mchele. Hapa Kenya hatuzitengenezi, tunaagiza. Ndizo hizohizo zinafanya gunia la mahindi, kamba, na kifuniko cha chupa ya soda. Njia ya kwanza: zinayeyushwa, zinasukumwa kupitia vitundu, zinavutwa kuwa nyuzi ndefu, nyuzi zinatandazwa ovyo kwa mkanda kisha zinapitishwa kati ya rola za moto zenye vidoti. Hapo unapata kitambaa kigumu, cha bei rahisi, kisichofumwa wala kushonwa. Viwandani kinaitwa spanibondi. Uzi wake una upana wa mikroni kumi na tano, ishirini, hata thelathini na kitu. Huo ndio mfuko wako wa sokoni. Ndio pia tabaka la nje na la ndani la maski, kazi yake ni kushikilia umbo na kuzuia mate. Chujio si hilo.

Njia ya pili ndio yenye utamu. Plastiki inayeyushwa moto zaidi mpaka inakuwa nyepesi, inatoka kwa mstari wa vitundu vidogo mamia kwa mamia, na kila inapotoka inapigwa na upepo wa moto unaokimbia kwa kasi ya ajabu. Upepo unaurarua ule uji kuwa nyuzi za mikroni moja hadi tano hivi. Nyembamba kama utando wa buibui. Zinarushwa kwa pipa linalozunguka na zinajishikanisha zenyewe zikiwa bado na joto. Kitambaa cha kupulizwa, tukiite hivyo. Wenye mashine wanaita meltiblouni. Ukikishika ni laini na dhaifu kama tishu, na ndio maana kinafichwa katikati ya spanibondi mbili. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka wa 1954 mwanasayansi Van Wente wa maabara ya jeshi la majini la Marekani aliandika jinsi ya kuzipata nyuzi hizo, kwa sababu walitaka kitu cha kunasa chembe za mionzi kutoka hewani enzi za kujaribu mabomu ya nyuklia. Kitambaa kilizaliwa kikiwa chujio.

Halafu kinatiwa umeme. Mnakumbuka darasani mkisugua rula kwa nywele kisha inavuta vipande vya karatasi? Hivyo hivyo, ila huu umeme unakaa miezi na miaka. Mtu aliyesukuma sana hiyo kazi anaitwa Peter Tsai, mzaliwa wa Taiwan, alikuwa Chuo Kikuu cha Tennessee. Korona ilipokuja alikuwa ameshastaafu, akarudi kazini kutafuta jinsi ya kusafisha maski ili zitumike tena. Mzee wa watu alikuwa na haki ya kulala.

Kwa nini umeme? Kwa sababu chujio si kichungi cha chai. Hapa ndipo karibu kila mtu anakosea, hata fundi wa pale kwa brathe alikuwa ananibishia. Watu wanadhani kitambaa kinazuia vumbi kwa sababu matundu yake ni madogo kuliko chembe. Ingekuwa hivyo usingepumua. Matundu ni makubwa. Chembe kubwa zinanaswa kwa sababu ziko na uzito, hewa ikipinda kona zenyewe zinaenda moja kwa moja zinagonga uzi. Chembe ndogo sana zinayumbayumba kama mlevi mpaka zinagusa uzi mahali. Za katikati, karibu mikroni 0.3, ndizo wajanja: nyepesi kiasi cha kupinda na hewa, nzito kiasi cha kutoyumba. Hizo zinavutwa na umeme. Na ndio maana maski ya N95 inapimwa na chembe za chumvi za ukubwa huohuo: inapaswa kunasa angalau asilimia 95 ya zile ngumu zaidi kunasa. Nyuzi ziwe nyembamba, ziwe nyingi, ziwe na umeme. Ukikosa hayo huna chujio. Una pazia.

Na tafadhali, mtu asinijie na maski ya kitenge. Naipenda, ilitusaidia wakati hakukuwa na kitu, mathe alishona mamia. Lakini uzi wa pamba ni mnene, unanyonya unyevu wa pumzi yako, na umeme haukai. Kwa mate ya jirani kwenye matatu ni sawa, bora kuliko bure. Kwa vumbi la jiwe unajidanganya, tena kwa rangi nzuri.

Turudi kwa meza ya mathe. Ile ya duka la dawa ilikuwa na tabaka tatu, ya katikati nyeupe, laini kama nilivyosema. Nilichana karatasi ya daftari vipande vidogo kabisa, nikaisogeza hiyo tabaka ya katikati karibu. Vikaruka vikashika. Kipande cha maski ya brathe hakikuinua hata kimoja. N95 ilivuta. Sisemi hicho ni kipimo cha maabara, na kesho mtu asijenge chaneli nzima juu yake kama nilivyofanya na maji. Lakini kutazama kama kuna tabaka ya katikati hakuhitaji maabara. Kunahitaji makasi.

Ila hata ile ya duka la dawa, yenye chujio halali, si ya brathe. Ilitengenezwa kuzuia mate ya daktari yasiingie kwa kidonda chako. Kando ya mashavu kuna mianya unapitisha kidole, na hewa si mjinga, inapita mahali pamefunguka. N95 inabana uso mzima, kamba mbili zinazunguka kichwa. Na ndio, ndevu zinaharibu. Brathe aliposikia hivyo alinitazama kama nimemtukana.

Sasa mdosi.

Mdosi atasema hajui. Wote wanasema hawajui. Nilienda pale kwa kazi yao Jumanne, nikamuuliza kwa heshima, nikamwita mzee, kwa nini hawa vijana wanapewa hizi. Akacheka akasema, "Kijana, maski ni maski. Na wengine hata hawavai." Akaniambia boksi ya hamsini ni soo mbili. Yaani bob nne kwa kila pafu mbili. N95 yangu ilikuwa soo moja na finje, na mwenye duka aliniambia nikichukua boksi atashusha. Nikamuuliza mdosi jikoni moja anaweka kwa ngapi. Hapo akakumbuka yuko na simu ya kupiga.

Lakini nchi hii inajua kuchuja vumbi. Hiyo ndio inaniumiza. Nenda posho mill yoyote ya mtaa, utaona ule mfuko mrefu wa kitambaa umefungwa kwa bomba, umefura kama puto. Unga unabaki, hewa inatoka. Hakuna mwenye posho mill ataweka kitambaa cha kubahatisha pale, kwa sababu unga ukitoka ni pesa inapepea. Nenda viwanda vya simiti, kuna vyumba vizima vya mifuko mirefu ya nyuzi za sintetiki, poliesta na jamaa zake wanaovumilia moto, safu kwa safu, kazi yake kunasa simiti isipotee hewani. Hiyo mifuko inakaguliwa na inabadilishwa, kuna mtu ameajiriwa kwa sababu yake. Vumbi likiwa ni mali ya mwenye kiwanda, kitambaa bora kinapatikana. Likiwa linaingia kwa kijana wa kibarua, ghafla tunapata mfuko wa sokoni na "wengine hata hawavai".

Hawavai kwa nini? Kwa sababu vijana si wajinga. Mtu akivaa kitu siku nzima, jioni akipenga kamasi bado ni nyeupe ya jiwe, atakivua kesho yake. Brathe aliniambia hivyo tangu mwanzo: "Hii kitu haifanyi kazi, navaa tu mdosi asipige kelele." Aligundua kwa pua yake kabla mimi sijagundua kwa makasi, na hakuna mtu aliyemsikiza, nikiwemo mimi, kwa sababu nilikuwa mtaalamu wa maji.

Kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka wa 2007. Inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na si vifaa tu vya kuonekana, vinavyofaa na vinavyofanya kazi. Mtu anayegawa spanibondi mbili kwa mkata granaiti hajatoa kifaa chochote. Ametoa picha ya kifaa. Ni sawa na kumpa dereva usukani bila breki ukasema gari iko kamili. Na wauzaji, nyinyi mnaozileta kwa marobota na kuandika "3 ply" kwa boksi lenye mbili, msijifiche nyuma ya mdosi. Nyinyi mnajua kuhesabu.

Najua mtakachosema wale wa mazingira, kwa sababu mimi mwenyewe ni wa mazingira. Ati maski ni plastiki, zimejaa kwa mito, tunapigana na plastiki halafu wewe unataka zaidi. Sawa. Polipropilini haiozi, na maski iliyotupwa Mto Nairobi itakuwepo wakati mimi nina wajukuu. Lakini angalieni tunapoitumia: kwa mfuko wa nyanya ambao ungekuwa kikapu, kwa gunia, kwa kamba ya kufunga kitu cha dakika tano. Mahali pamoja ambapo hiyo plastiki haina mbadala wa maana, gramu chache za nyuzi zilizopulizwa kati ya jiwe na pafu, hapo ndipo tunaitoa ili kubana bob mia. Kama tutapunguza, tuanzie kwingine.

Na kabla ya maski yoyote, maji. Hili halina teknolojia. Graenda ikikata jiwe lililolowa, vumbi linageuka matope na kuanguka chini. Bomba, ndoo, mtu wa kumwagilia, na mashine iliyotengenezwa kukata kwenye maji ili umeme usiue mtu. Wale wakataji wa Australia waliumia sana kwa kukata kavu. Mdosi wa brathe yuko na tangi la lita elfu kwa paa. Maji yanatumika kuosha gari yake.

Jumatano brathe alienda kazini na ile N95, ile ingine, si ile niliyokata. Nilinunua mbili. Alinyoa ndevu mpaka hapa kwa kidevu, mathe alicheka mpaka akakaa chini. Jioni akarudi kope nyeupe kama kawaida, alama nyekundu mbili kwa mashavu pale maski ilibana, na akaenda kwa sinki akapenga kamasi. Akaniita niende nione. Kwa mara ya kwanza nilifurahi kuona kamasi ya mtu, ilikuwa safi. Akasema wenzake wanne wanataka kujua nilinunulia wapi, na kwamba mdosi aliuliza ni nani amewaletea siasa kazini.

Ile video ya maji nimeifuta leo asubuhi. Kama umeihifadhi au uliitumia watu wa kwenu, watumie hii badala yake. Na kama unafanya kazi ya vumbi, mawe, mbao, simiti, gypsum, chochote, au kuna mtu wa kwenu anafanya, chukua maski anayopewa, kata katikati, hesabu tabaka, piga picha, nitumie. Usiandike jina la kampuni wala lako. Nataka tu kuona ni ngapi ziko na mbili.